Daktari Fuller, Mwana wa Liberia Aliyechunguza Maradhi ya Kusahau

Alikuwapo mzee mmoja kwetu Msambweni, ndugu yake nyanya yangu, aliyesomesha chuo kwa miaka mingi. Watu wazima wengi wa mtaa ule, wake kwa waume, walijifunza herufi zao mbele ya bakora yake. Alipofikia umri wa miaka sabini na kitu alianza kubadilika. Alikuwa akisali adhuhuri, akakaa kidogo, kisha akatia udhu na kuisali adhuhuri ile ile mara ya pili na ya tatu. Alimwita binti yake kwa jina la mama yake aliyekufa zamani. Aliuliza mbona mkewe harudi kutoka shamba, na mkewe tulikuwa tumemzika miaka minne nyuma. Lakini ukimwanzishia Yasini aliifululiza mpaka mwisho bila ya kukosa hata irabu moja.

Usiku mmoja alitoka nyumbani pasipo mtu kujua. Alfajiri alionekana upande wa Gazi, amesimama katika ua wa watu asiowajua, hana kanzu wala viatu, na hawezi kueleza alikotoka. Wenye nyumba walipiga kelele za mchawi. Vijana walikwisha kukusanyika na marungu. Kilichomwokoa, baada ya rehema ya Mwenyezi Mungu, ni mvuvi mmoja aliyekuwa akipita kwenda pwani, akamtambua kuwa ni mwalimu wake wa chuo. Alimfunika kwa shuka yake, akamrudisha kwetu.

Tangu siku ile sisi jamaa zake tukawa tunamfungia chumbani. Kufuli nilinunua mimi mwenyewe. Baadhi yetu walisema amerogwa. Wengine walinong'ona kwamba pengine ni kweli mzee alikuwa na mambo yake ya usiku. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba mzee ni mgonjwa. Alifia mle chumbani.

Ni baada ya kifo chake ndipo niliposoma habari za daktari ambaye leo napenda kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu. Jina lake ni Solomon Carter Fuller. Wengi wetu tumepata kulisikia jina la Alzheimer, ambalo maradhi haya ya kusahau yameitwa kwalo. Ni wachache wanaojua kwamba katika chumba cha kazi cha Mjerumani huyo alikuwamo kijana mweusi aliyezaliwa katika bara letu hili, na kwamba kijana huyo ndiye aliyekuja kuwaeleza wasemao Kiingereza maradhi hayo ni nini.

Fuller alizaliwa Monrovia, mji mkuu wa Liberia, tarehe 11 Agosti, 1872. Kisa chake hasa kinaanza nyuma ya hapo. Babu yake, John Lewis Fuller, alikuwa mtumwa katika jimbo la Virginia huko Marekani, na kazi yake ilikuwa ushonaji wa viatu. Kwa fedha alizozipata kwa sindano na ngozi alijinunua mwenyewe kutoka utumwani, kisha akamkomboa na mkewe. Mwaka 1852 waliingia merikebuni wakavuka bahari kuja Liberia, nchi iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi walioachwa huru. Mtoto wao alikuwa mwenye mashamba ya kahawa na mtumishi wa serikali, na huyo ndiye baba yake Solomon. Upande wa mama walikuwamo wamishonari waliojua uganga wa kizungu, na inaaminika kwamba huko ndiko kijana alikoipatia hamu ya udaktari.

Sisi watu wa mwambao habari za utumwa hatuhitaji kusimuliwa na mgeni. Shimoni bado lipo pango ambalo wazee wetu husema watu walifungiwa humo wakingojea majahazi. Kwa hiyo naomba msomaji alishike jambo hili moyoni tunapoendelea: mjukuu wa mtu aliyeuzwa kama mbuzi ndiye aliyekuja kushika kisu na kuutazama ubongo wa binadamu, akaona kwamba ndani ya fuvu la kichwa hakuna bwana wala mtwana.

Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 17, Fuller alirudi katika nchi ile ile aliyoikimbia babu yake. Alisoma Chuo cha Livingstone, katika jimbo la North Carolina, akamaliza mwaka 1893. Kisha akaingia masomo ya udaktari, na mwaka 1897 akapata shahada yake katika Chuo Kikuu cha Boston. Mwaka huo huo alipata kazi katika Hospitali ya Westborough, iliyokuwa hospitali ya serikali ya jimbo la Massachusetts ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Muda si mrefu alifanywa mkuu wa uchunguzi wa maiti na viungo, akaanza pia kusomesha katika chuo kikuu alichosomea yeye mwenyewe. Hapo Westborough alikaa hadi mwaka 1919.

Najua wengi wetu hatupendi kusikia habari za kupasua maiti, na dini yetu imetufundisha kumheshimu aliyekufa kama tunavyomheshimu aliye hai. Lakini tukiwa wakweli tutakubali kwamba zama zile hapakuwa na njia nyingine ya kujua kilichompata mgonjwa ndani ya kichwa chake. Hapakuwa na picha za mashine kama za siku hizi. Katika nyumba zile za wagonjwa wa akili walitiwa watu wa kila namna pamoja: mwenye kifafa, mlevi, aliyeingiwa na kaswende ubongoni, mama aliyechanganyikiwa kwa msiba, na mzee aliyesahau jina lake. Wote waliitwa wendawazimu. Fuller alitaka kuwapambanua. Aliona kwamba akiulinganisha ubongo wa mtu baada ya kufa na mambo aliyokuwa akiyafanya alipokuwa hai, huenda akajua maradhi haya ni mamoja au ni mengi.

Alipoona kwamba elimu aliyoitaka haikupatikana vizuri Marekani, alifunga safari ya Ujerumani mwaka 1904. Wakati huo mji wa Munich ulikuwa na hospitali ya magonjwa ya akili iliyosifika duniani, na mkuu wake alikuwa Emil Kraepelin. Msimamizi wa chumba cha uchunguzi alikuwa Alois Alzheimer. Huyu Alzheimer aliwachagua wageni watano wa kufanya kazi pamoja naye, na Fuller akawa mmoja wao. Msomaji na akumbuke kwamba huo ndio wakati ambapo Wajerumani walikuwa wakitawala Tanganyika jirani yetu, na mwaka 1905, Fuller akiwa Munich, vita vya Maji Maji viliwaka kule kusini. Huku kwetu Mjerumani alikuwa akimtandika Mwafrika kiboko. Kule kwao Mwafrika alikaa mezani pamoja na mabingwa wao akitazama katika hadubini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira kubwa. Ubongo ulitiwa dawa mpaka ukawa mgumu, ukakatwa kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi, na kila kipande kikapakwa rangi maalumu. Mojawapo ya rangi hizo ilitengenezwa kwa madini ya fedha, nayo ilikuwa imegunduliwa miaka michache tu nyuma. Ilifanya nyuzi ndogo mno zilizomo ndani ya chembe za ubongo zionekane nyeusi. Fuller alijifunza ufundi huo barabara, akarudi nao Marekani.

Mwaka uliofuata, 1906, alikufa mwanamke mmoja aitwaye Auguste Deter. Alzheimer alikuwa amemtibu Frankfurt tangu mwaka 1901, alipoletwa hospitalini akiwa na miaka 51 tu. Alikuwa amesahau karibu kila kitu, akimshuku mumewe, na alipopewa kalamu aandike jina lake alishindwa kulimaliza. Alzheimer alipouchunguza ubongo wake aliona mambo mawili. La kwanza ni mabaka mabaka yaliyotapakaa nje ya chembe. La pili ni zile nyuzi za ndani ya chembe, ambazo zilikuwa zimesokotana na kujifunga mafundo, mfano wa mshipi wa mvuvi uliotatizana ndani ya mtumbwi. Aliyaeleza hayo mbele ya madaktari wenzake mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1906. Mwaka 1910 Kraepelin aliyatia maradhi hayo katika kitabu chake, akayapa jina la Alzheimer.

Sasa tumrudie Fuller. Huko Westborough alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1907 alichapisha uchunguzi wake juu ya zile nyuzi za ubongo, akilinganisha wazee waliosahau, walevi na wagonjwa wa kaswende. Mwaka 1911 akatoa mwingine juu ya yale mabaka katika bongo za wazee. Kisha mwaka 1912 akatoa ile kazi yake kubwa. Alieleza kisa cha mgonjwa wake mwenyewe, mwanamume wa miaka ya hamsini, akavikusanya visa vilivyokuwa vimekwisha kuchapishwa, ambavyo bado vilikuwa vichache, na kukifasiri kwa Kiingereza kile kisa cha kwanza cha Alzheimer kilichoandikwa kwa Kijerumani.

Linalonipendeza mimi zaidi katika kazi yake si kwamba alimfuata mwalimu wake, bali ni kwamba hakumfuata kwa upofu. Fuller aliyaona yale mabaka katika ubongo wa wazee wengine waliokufa na akili zao timamu. Aliona pia kwamba mara nyingine mtu alisahau sana, na mabaka yasionekane. Kwa hiyo aliwaonya wenzake wasiharakishe kusema kwamba mabaka na mafundo yale ndiyo chanzo cha maradhi. Alitilia shaka pia maneno ya wale waliosema kwamba sababu ni kukakamaa kwa mishipa ya damu tu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na mabingwa wangali wakibishana juu ya jambo hilo la mabaka.

Lilikuwapo na swali jingine, nalo linatuhusu sisi Waislamu kwa namna ya pekee. Je, huku kusahau ni uzee wenyewe, au ni maradhi yanayompata mzee? Tumefundishwa katika hadithi kwamba kila maradhi yana dawa yake isipokuwa uzee. Na Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nahl na Suratul Hajj, imetaja kwamba baadhi ya watu hurudishwa katika umri dhalili hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kwa Mola wake asifikishwe huko. Mimi si mwanachuoni, na tafsiri nawaachia masheikh. Lakini hata sisi tusio wanachuoni tunaona kwamba wametajwa baadhi, hawakutajwa wote. Wapo wazee wa miaka tisini, Diani na Tiwi, wanaojua kila mnazi wa shamba ulipandwa na nani. Kwa hiyo uzee peke yake hautoshi kuwa jawabu.

Madaktari walichukua muda mrefu kulifikia jambo hili. Kwa miaka mingi walisema kwamba maradhi ya Alzheimer ni ya watu wa makamo tu, na kwamba mzee anayesahau ni mzee basi. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Marekani, Robert Katzman, aliandika kwamba yale ya watu wa makamo na yale ya wazee yasihesabiwe kuwa ni maradhi mbalimbali, na tangu hapo mambo yakageuka. Fuller alikwisha kuiona sehemu ya njia hiyo tangu mwanzo wa karne, kwa kuwa alikuwa ameweka bongo za wote wawili mbele ya hadubini moja.

Maisha yake ya nyumbani nayo yana mafunzo. Mwaka 1909 alimwoa Meta Vaux Warrick, mwanamke mweusi aliyekuwa mchongaji hodari wa sanamu na aliyepata kusomea sanaa Paris. Walipotaka kuhamia Framingham, mji mdogo wa Massachusetts, baadhi ya majirani wa Kizungu walitia saini waraka wa kuwazuia. Hawakuzuilika. Walikaa hapo wakalea watoto watatu wa kiume. Daktari alipenda kutunza bustani yake na kujalidi vitabu kwa mkono.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Marekani ilifungua hospitali ya askari weusi huko Tuskegee, jimbo la Alabama. Fuller ndiye aliyewafunza madaktari weusi waliokwenda kufanya kazi huko, akiwakazania hasa kuitambua kaswende inapoingia ubongoni, ili askari asije akaitwa mwendawazimu au mtu mbaya na hali ana maradhi yenye jina.

Hata hivyo heshima aliyostahili hakuipata. Katika Chuo Kikuu cha Boston alisomesha zaidi ya miaka 30, na kwa muda wa miaka kama mitano ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa akifanya kazi ya mkuu wa idara ya magonjwa ya mishipa ya fahamu, bila ya kupewa cheo chenyewe. Mshahara wake ulikuwa chini ya wa Wazungu wenzake. Mwaka 1933 cheo hicho alipewa Mzungu aliyekuwa chini yake. Fuller hakufanya ghasia. Aliacha kazi, akaendelea kuwatibu wagonjwa wake nyumbani.

Kisha ukamjia mtihani mwingine. Maradhi ya kisukari yalimharibu macho, na katika miaka ya 1940 akawa kipofu. Mtu aliyeishi kwa kutazama vitu vidogo kuliko chembe ya mchanga hakuweza tena kuuona mkono wake. Hata hivyo aliendelea kuwasikiliza wagonjwa waliomjia, kwa kuwa masikio na akili yake vilikuwa salama. Alifariki tarehe 16 Januari, 1953, akiwa na umri wa miaka 80.

Mwaka ule ule wa 1953, Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa Hospitali ya Mathari, Nairobi. Kitabu hicho kilidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, kikamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Ndivyo ulivyokuwa ulimwengu. Daktari wa Kiafrika aliyewafundisha Wazungu habari za ubongo alikuwa kaburini, na daktari wa Kizungu alikuwa akiuandikia ulimwengu kwamba ubongo wa Mwafrika ni nusu. Jina la Fuller lilianza kukumbukwa tena miaka ya 1970, Boston ilipokiita kituo kimoja cha magonjwa ya akili kwa jina lake.

Ziko fikira mbili potofu ambazo maisha ya mtu huyu yanazibomoa. Ya kwanza ni kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, na huku kwetu hayapo. Yapo. Madaktari walipowachunguza zaidi ya watu 1,000 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walikuta kwamba kiasi cha watu 6 katika kila 100 walikuwa na upungufu huu wa akili. Hai si Ulaya. Na sidhani kwamba mlima ule ni mpaka ambao maradhi hayauvuki kuja Kwale.

Ya pili ni ile iliyotaka kumuua mwalimu wetu kule Gazi. Magazeti yameandika mara nyingi habari za wazee wa Kwale na Kilifi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi kwamba kila mmoja wao alikuwa na maradhi ya kusahau. Mara nyingine uchawi ni kisingizio, na kinachotakwa ni shamba. Lakini hebu tujiulize: mtu anayetembea usiku, anayesimama kwenye ua usio wake, anayesema peke yake na waliokufa, asiyejua kuvaa nguo, tumezoea kumwita nani? Dalili tunazozitaja za mchawi, nyingi ndizo hizo hizo alizoziandika Fuller katika daftari za Westborough.

Mpaka leo dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana, ingawa ziko zinazopunguza makali yake kwa muda. Lakini si kila anayesahau ana maradhi ya Alzheimer. Pengine ni kisukari, pengine shinikizo la damu, pengine homa iliyojificha, upungufu wa chakula bora au huzuni, na hayo yanatibika. Hospitali Msambweni ipo na Kwale ipo. Mzee apelekwe apimwe kwanza, kabla ya kupigiwa ramli. Na asiye na dawa bado ana haki yake. Qur'ani imetukataza hata kumguna mzazi aliyefikia uzee. Wala haikusema kwamba haki hiyo humtoka siku anapolisahau jina lako.

Lau ningalijua haya mapema, nisingalinunua lile kufuli. Ningaliweka mtoto mmoja alale mlangoni, ningalitembea naye jioni mpaka pwani akarudi amechoka, na usiku ningalimwanzishia Yasini tukaisoma pamoja, kwa kuwa hiyo hakuisahau. Hayo hayataki fedha wala shahada.

Basi ndugu msomaji, ukiamka alfajiri ukamkuta mzee usiyemjua amesimama katika ua wako, usipige kelele. Mpe kiti na maji, mfunike, kisha uulize mitaani ni mzee wa nani. Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu, na atukinge sote na umri ule dhalili. Amina.